Aliyechuchumaa Chini ya Mwaloni

Mjomba wangu Govert alijua kuchora miti kuliko mtu yeyote mjini Haarlem, na alishindwa kuchora watu kuliko mtu yeyote mjini Haarlem. Nayasema haya kwa heshima zote, maana ndiye aliyenipokea nilipofukuzwa shule ya bweni kule Leiden, baada ya bata bukini mmoja kukutwa amelala kwenye kabati la mashuka ya mwalimu mkuu. Bata hakuwahi kusema nani alimweka mle. Wakati wote wa shauri nilikaa wima, mikono nimeifumbata mapajani kama mke wa diwani, na naambiwa kwamba hilo ndilo lililonimaliza.

Baba yangu, muuza jibini wa Alkmaar, aliamua nikakae kwa kaka wa marehemu mama nikajifunze utulivu. Alidhani nyumba ya mchoraji wa misitu lazima iwe tulivu kama msitu. Hakuwa amewahi kumsikia mjomba akigombana na tawi. Kazi zangu zikawa kusaga rangi ya kijani, kuosha burashi, na kumwondoa Pekel, paka wa kahawia, mzito, asiyejali sanaa, kila alipotaka kulala juu ya kibao cha rangi.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Kwenye mbao alizochorea mjomba, penye miti hapakuwa hata na mpita njia. Ndivyo kazi ilivyogawanywa pale kwetu na hakuna aliyeona ajabu: fundi mmoja huchora miti, mwingine huchora watu. Kwa miaka mingi mjomba alichora misitu yake, mialoni yenye mashina manene kama matumbo ya madiwani, vijito, na giza la kijani ambalo ukilitazama sana unahisi umande shingoni. Akimaliza, ubao ulivuka mto Spaarne kwenda kwa rafiki yake Reynier, naye akaupandikizia watu: wawindaji, wachuuzi, mama na mwanawe, mpanda farasi mwenye kofia nyekundu. Ubao mmoja, mikono miwili, na baadaye jagi moja la bia.

Kisha, majira ya kuchipua, mke wa mchungaji wa kanisa alinunua msitu mkubwa kuliko yote. Akaalika nusu ya mji kuja kuutazama, akatoa kioo cha kukuzia ili wageni wafaidi kila jani, na kioo kikatua chini ya mwaloni mzuri kuliko yote ambayo mjomba amewahi kuichora. Pale chini palikuwa na mtu. Mdogo kama punje ya mtama, amechuchumaa, suruali magotini, anajisaidia bila wasiwasi wowote.

Ubao ulirudishwa na watumishi wawili, umefunikwa gubigubi kama maiti. Mjomba akamwambia Reynier kwamba ameuchafua mwaloni wake. Reynier akamjibu kwamba mwaloni usiojua mzaha ni kuni tu. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, hata kanisani, ambako kila mmoja aliimba kwa nguvu ili amfunike mwenzake, na zaburi zikawa kama mnada wa ng'ombe.

Aliyeumia ni Bi Baertje. Huyu alikuwa mjane, dada yake Reynier, mwenye nyumba ya bia pale mguuni pa daraja. Mjomba alikuwa amemposa, naye alikuwa amekubali, isipokuwa lile neno la mwisho lililokuwa limebaki kinywani. Mwanzoni mwa Septemba alikuja chumba cha kazi, akafuta kiti kwa aproni yake, akakaa.

"Govert," alisema, "mimi nakutaka. Lishike hilo, maana silirudii. Lakini sitaki nyumba ambayo kila Jumapili napika mara mbili, mara moja kwa mume na mara moja kwa kaka."

"Aombe radhi," mjomba akasema.

"Naye anasema uombe wewe."

"Mimi niombe radhi ya nini? Kwani nilichuchumaa mimi?"

Bi Baertje alivuta pumzi. Mimi nilisaga rangi polepole ili nisikie vizuri.

"Basi sikiliza. Juu ya meko yangu pana nafasi. Nataka picha hapo, msitu wako na watu wa kaka yangu, ubao mmoja kama zamani, na nyinyi wawili mkae chini yake mnywe jagi moja. Iwe imefika siku ya Mtakatifu Luka, wachoraji wote watakapokuja kula kwangu. Siku hiyo Lubbert naye anakuja kutoka Enkhuizen kuchukua jibu lake."

Mjomba aliacha kazi. Lubbert, aliyekuwa amemposa pia, alikuwa mfanyabiashara wa samaki wa heringi, mwenye meli tatu na meno yote.

"Nitampa Lubbert jibu moja au jingine," Bi Baertje akasema, akasimama. "Na wewe mtoto, jiwe lako la kusagia halijagusa rangi tangu niingie."

Mjomba alianza msitu siku ile ile. Sijawahi kuona mtu akichora vile. Aliweka kijani juu ya kijani mpaka mti wa nyuma ukapumua nyuma ya mti wa mbele, akapitisha kijito, akamtia ndege kwenye tawi kavu. Lakini kwenda kwa Reynier hakukubali. Badala yake alifanya jambo la kusikitisha: alijaribu watu mwenyewe.

Nilimkuta asubuhi moja amesimama mbali na ubao, kichwa amekiinamisha upande.

"Waonaje, Machtelt?"

Nilisogea. Kando ya kijito palikuwa na figili mbili, moja ndefu na moja fupi.

"Huyu mfupi ni nani, mjomba?"

"Mchungaji wa mbuzi."

"Na huyu mrefu?"

"Mbuzi."

"Mimi nilidhani kinyume," nikasema kwa adabu.

Alichukua kitambaa akawafuta wote wawili, mchungaji na mbuzi wake, akakaa chini. Alionekana mzee. "Ataolewa na samaki," akasema. "Atakwenda Enkhuizen kunuka chumvi, na mimi nitabaki na wewe na paka."

Kusema kweli, ile "wewe na paka" iliniuma. Na hapo ndipo nilipomzaa kichwani mwangu Fundi Anthonie wa Zutphen. Alizaliwa akiwa na umri wa miaka hamsini, mjane, mwenye jipu mguuni lililomzuia kutoka nje, na mchoraji hodari. Nilimpangia chumba nyuma ya kanisa la Bakenes, kwa sababu huko mjomba hakuwa na mtu anayemjua.

"Mjomba," nikasema, "kuna fundi mgeni mjini. Anachora watu. Anaweza kumwiga mtu yeyote, hata Reynier. Bi Baertje hatajua."

Mjomba alinitazama kwa muda. Nikakaa wima, mikono mapajani.

"Zutphen," akasema.

"Zutphen. Hataki kuonekana na watu, ana jipu. Lakini mimi naweza kumpelekea ubao."

"Jipu wapi?"

"Mguuni. Ila linapanda."

Mjomba alikohoa, akageukia dirisha, mabega yake yakatikisika kidogo. Nilidhani ni huzuni. "Basi mpelekee," akasema.

Niliupakia ubao kwenye toroli la kubebea mboji kavu tunayochoma kama kuni, nikaufunika kwa shuka lililoinuliwa na vijiti lisiguse rangi mbichi, nikaondoka. Sikwenda Bakenes. Nilikwenda moja kwa moja kwenye daraja la Spaarne, na katikati ya daraja upepo ukaingia chini ya shuka ukalifanya tanga. Toroli lilitaka kwenda upande wake na mimi upande wangu. Mwenye jahazi la kubeba bia alipaza sauti kutoka chini: "Binti, ukifika Uingereza, wasalimie." Nikamjibu kwamba nitawasalimia kwa niaba ya pua yake, na tukaachana kwa amani.

Reynier aliishi juu ya duka la mshona viatu. Alikuwa mtu mwembamba mwenye masikio makubwa ajabu, yamesimama pembeni ya kichwa kama vishikio vya chungu. Chumba chake kilinishangaza. Kila ubao ulikuwa na watu, na watu hawakuwa na mahali pa kuwa. Mzee ameegemea hewa. Wapenzi wamekaa juu ya utupu. Mwindaji anachungulia nyuma ya shina ambalo halipo. Pembeni niliona amejaribu mti mmoja mwenyewe. Ulikuwa ufagio uliosimamishwa kichwa chini.

"Usiutazame huo," akasema. "Una nini wewe, mpwa wa mtu nisiyemtaja?"

Nikamwambia habari za Fundi Anthonie wa Zutphen, mchoraji wa miti, mwenye jipu, anayetafuta fundi wa kumchorea watu. Nikafunua.

Reynier alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Alifuata tawi kwa kidole bila kuligusa, akashuka na shina, akafika kwenye kijito. Halafu, kwa ukucha, akang'oa kitu kutoka kwenye rangi na kukiinua kwenye mwanga. Kilikuwa unywele. Wa kahawia.

"Huko Zutphen," akasema, "wana paka wa rangi hii?"

"Wengi mno, Fundi. Mji umejaa."

"Masikini." Aliuweka unywele ule kwenye kisahani, taratibu, kana kwamba ni wa mtakatifu. Kisha akaonyesha mahali kushoto, chini ya mwaloni mkubwa, ambapo jua lilipenya na kuangaza kipande cha nyasi tupu. "Unaona hapa? Huyu Anthonie wako ameacha nafasi. Hakuna mtu wala mnyama, lakini ameiwashia taa. Na ni hapa hapa ambapo mimi huanza watu wangu. Miaka yote ninaanza hapa hapa." Akanigeukia. "Amejuaje?"

"Labda ni bahati, Fundi."

"Labda," akasema, akaanza kutafuta burashi zake, na akaziangusha zote.

Nilirudi nyumbani nikijipongeza. Shuleni walitufundisha kwamba Wagiriki walihitaji farasi mzima wa mbao kuingia mji mmoja. Mimi nilikuwa nimeingia nyumba mbili kwa toroli.

Ubao uliporudi, palipokuwa na nyasi tupu palikuwa na mwanamke amekaa, amevua viatu vya mbao, anakanda vidole vya mguu. Ungeweza kumsikia akishukuru Mungu. Mjomba alimtazama mpaka mshumaa ukahitaji kukatwa utambi. Alipenga kamasi.

"Anajua kazi?" nikauliza.

"Wa kawaida," akasema. "Mwambie huyo Anthonie, mwanamke ni mzuri, ila anakaa juu ya unyevu. Atapata homa. Nampa kisiki." Akampa kisiki, chenye kuvu na mchwa, na alipokuwa akikichora alipiga mluzi. Hakuwa amepiga mluzi tangu majira ya kuchipua. Pekel alikimbia nje kwa woga.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi mimi na toroli tulivuka daraja kwenda, jioni tukavuka kurudi, na kila safari nilibeba salamu za mtu asiyekuwepo.

"Mwambie Anthonie," Reynier alisema, "kisiki ni kizuri kuliko ninavyostahili, lakini mpanda farasi wangu atagonga kichwa kwenye tawi lile."

"Mwambie Anthonie," mjomba akajibu, "mpanda farasi ainame. Tawi lilikuwepo kabla yake."

"Mwambie Anthonie, tawi lina kiburi."

"Mwambie Anthonie, limerithi."

Lakini asubuhi iliyofuata tawi lilikuwa limeinuliwa kidogo, na jioni ile mpanda farasi alikuwa ameinama kidogo, kofia yake nyekundu akiwa ameivua kama anayelisalimia. Nilikuwa sijaona uongo wangu wowote ukizaa matunda namna hii. Usiku nililala nikiwaza kwamba nikikua nitakuwa balozi.

Hatari ilitokea mara moja tu. Bi Baertje alikuwa akimwaga maji machafu mlangoni pake nilipopita, akaweka ndoo chini, akashika toroli.

"Umebeba nini kila siku, wewe?"

"Meza, Bi Baertje."

Aliinua ncha ya shuka. "Meza yako ina majani."

"Ni mtindo mpya, Bi. Unatoka Zutphen."

Alitazama chini ya shuka kwa muda mrefu kidogo kuliko mtu anavyotazama meza. Kisha akafunika, akapanga mikunjo vizuri kama anayemfunika mtoto, na akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Nilidhani ni moshi wa jikoni.

"Haya, peleka meza yako," akasema. "Ukirudi pita, kuna chapati ya siagi. Meza ni nzito."

Nikala chapati tatu nikimhurumia kwa wepesi wake wa kudanganyika.

Sikukuu ya Mtakatifu Luka, mlinzi wa wachoraji, ilifika na mvua na jua pamoja. Nyumba ya bia ilijaa wachoraji, wake zao, supu ya njegere na kelele. Lubbert wa Enkhuizen alikuja na pipa la heringi kama zawadi, akakaa karibu na meko, mkubwa, mwekundu, mcheshi, akitoa meno yake yote. Kwa bahati mbaya nilimpenda. Mjomba alisimama kona moja amevaa ukosi mpya uliomkaba. Reynier alisimama kona nyingine. Katikati yao, juu ya meko, ubao niliouleta asubuhi ulining'inia umefunikwa.

Bi Baertje akafunua.

Kelele zilikufa kuanzia mbele kwenda nyuma. Msitu ulisimama pale kama mlango uliofunguliwa. Giza lake lilikuwa la kijani na baridi, na ndani ya giza watu walikuwa na siku njema: mwanamke juu ya kisiki na vidole vyake, mpanda farasi akilisalimia tawi, mchuuzi wa ndege akibishana na mlinzi wa msitu, mtoto akinywa kijito kwa kofia yake. Hapakuwa na mti uliokuwa peke yake wala mtu asiye na mahali pa kuegemea. Mchoraji mzee karibu yangu alisema, polepole, "Loo, ningekaa hapo."

"Mikono miwili naiona," Bi Baertje akasema. "Wenye mikono ni nani?"

Mjomba alitazama viatu vyake, Reynier akatazama dari. Niliona kila kitu kinazama mbele ya macho yangu, nikapanda juu ya benchi, jambo ambalo mtu mwenye akili asingelifanya.

"Mabibi na mabwana," nikasema kwa sauti ya mahafali, "fundi aliyeshirikiana kwenye picha hii ni Anthonie wa Zutphen, ambaye hakuweza kuja kwa sababu ya jipu."

"Huyo alichora nini?" Lubbert akauliza.

"Watu," mjomba akasema.

"Miti," Reynier akasema, wakati huo huo.

Uongo mmoja, nilioukata vipande viwili na kugawa kila upande wa mto, ulikuwa umekutana na mwenzake hadharani, na wala haukusalimiana.

"Ngoja," Lubbert akasema, akihesabu kwa vidole vinene. "Miti kachora Anthonie. Watu kachora Anthonie. Kwa hiyo hawa wawili hawajachora kitu."

"Ndivyo inavyoonekana," Bi Baertje akasema. Aliweka mikono kiunoni. "Basi mimi naolewa na Anthonie. Mwanamume anayejua yote haya, jipu nitamkanda. Machtelt, kampe habari."

Watu walicheka. Mjomba hakucheka. Uso wake ulibadilika rangi kama anayejichagulia kati ya nyekundu na nyeupe, na nikaelewa kwamba aliyemtisha si Lubbert tena. Alikuwa anakaribia kumpoteza mwanamke huyu kwa mtu asiyekuwepo, kwa sababu ya neno moja alilokataa kulisema.

"Miti ni yangu," akasema.

"Sikusikia," Bi Baertje akasema.

"Miti ni yangu. Niliichora mimi. Na watu ni wa Reynier, na nilijua ni wa Reynier tangu yule mwanamke wa kwanza, maana hakuna mtu mwingine duniani anayejua miguu inavyouma." Akamgeukia Reynier. "Nilijua na bado nikawa natuma salamu Zutphen."

Reynier alishusha macho kutoka darini. "Mimi nilijua tangu unywele wa Pekel," akasema.

Nilikaa juu ya benchi taratibu. Hakuna aliyenitazama, na kwa mara ya kwanza maishani nilishukuru.

"Lakini kuna jambo," mjomba akaendelea, na sauti yake ikawa ngumu. Alitoa mfukoni kioo cha kukuzia. "Kuna kitu kwenye picha hii ambacho Bi Baertje hajaonyeshwa."

Chumba kizima kilivuta pumzi. Hadithi ya mke wa mchungaji kila mtu aliijua. Mjomba alisogea kwenye meko, akaweka kioo chini ya mwaloni mkubwa, upande wa kulia wa shina, gizani, mahali ambapo ningeapa palikuwa na mizizi tu.

Alikuwa pale. Mdogo kama punje ya mtama. Amechuchumaa, suruali magotini.

Reynier alitoka kwenye kona yake. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Nilimweka mimi," akasema. "Mtazame vizuri, Govert. Tazama kichwa."

Bi Baertje aliinama kwenye kioo. "Ana masikio," akasema. "Mungu wangu, Reynier, ana masikio yako."

"Ni mimi," Reynier akasema. "Wa safari hii ni mimi. Safari ile nilichekesha watu kwa gharama ya mti wako, na haikuwa haki. Nikaona kama kuna wa kuonekana matako chini ya mwaloni wa Govert mpaka dunia iishe, niwe mimi. Sikujua namna nyingine ya kuomba radhi. Kwa mdomo siwezi, mimi huchora."

Mjomba alimkabidhi kioo. "Sasa tazama wewe. Mkono wa kushoto."

Reynier alitazama. Kwanza hakuelewa. Halafu mgongo wake ukaanza kutetemeka, na sauti ikamtoka kama ya birika linalochemka.

Karibu na mkono wa kushoto wa yule mtu, pale ambapo angeweza kuufikia bila kuinuka, ulikuwa umeota mmea. Una majani mapana, laini, ya kijani kibichi, kila jani na mshipa wake. Mjomba alikuwa amemwona siku nyingi zilizopita. Alikuwa amemwona, hakumfuta, na alikuwa amekaa na burashi nyembamba kuliko zote akamwoteshea majani ya kujifutia.

"Mapana," Reynier akasema, machozi yakimtiririka. "Amenipa mapana."

"Nisingekupa mwiba," mjomba akasema. "Ingawa nilifikiria."

"Shemeji," Reynier akasema, na alikuwa hajawahi kumwita hivyo, akamkumbatia kwa nguvu mpaka ukosi mpya ukafyatuka na kuangukia kwenye supu.

Bi Baertje alileta jagi moja. Walikunywa wote wawili, na kila mmoja akadai mwenzake amekunywa zaidi. Kisha akamgeukia Lubbert, akiwa na uso wa huruma, lakini Lubbert aliinua mkono.

"Usiseme, bibi, nimesoma ukutani," akasema. "Mimi nina meli tatu, lakini hakuna mtu aliyewahi kunioteshea majani." Akavunja kifuniko cha pipa la heringi kwa ngumi, akala nyingi kuliko wageni wote, na kabla ya jioni kwisha alikuwa ameagiza picha ya bahari, sharti iwe na mtu amechuchumaa kwenye ngalawa.

Jumapili iliyofuata ndoa ilitangazwa kanisani kwa mara ya kwanza. Mke wa mchungaji aliinamisha kichwa kusali kwa muda mrefu. Harusini Bi Baertje alitenga kiti na sahani kwa ajili ya Fundi Anthonie wa Zutphen. Pekel akakikalia, akala samaki wake wote, na hakuna aliyeona sababu ya kumwondoa mgeni wa heshima.

Mimi nilikuwa na jambo moja lililonikera. "Mjomba," nikamuuliza, watu walipokuwa wakicheza, "ulijua tangu lini?"

"Kwamba unanidanganya? Tangu jipu lilipopanda."

"Na Bi Baertje?"

"Muulize mwenyewe. Ila nadhani meza haina majani."

Bi Baertje, aliyekuwa anapita na sinia, hakusimama. "Mtundu wa kweli," akasema juu ya bega lake, "huwa anatazama alichobeba."

Nilikwenda kwenye meko na kioo. Nilitafuta muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimeivusha picha ile darajani kwenda na kurudi na niliamini naijua. Nyuma kabisa, mahali njia inapopotelea kwenye miti, kulikuwa na msichana mdogo anayesukuma toroli. Ameinua kidevu, amenyoosha mgongo kama mke wa diwani. Kwenye toroli kuna kitu bapa kimefunikwa kwa shuka, na upepo unaingia chini ya shuka. Mkono wa Reynier, hilo halikuwa na ubishi. Na matawi juu yake yalikuwa yameinama kumpisha, na hilo lilikuwa la mjomba.

Na nyuma ya msichana, hatua chache, shingo mbele, anamfuata bata bukini.

Yule bata nimeuliza mara nyingi ni nani aliyemchora. Wote wawili wanasema ni Anthonie.